UZI: Watoto wa simba wa Serengeti, tangu wanafichwa kwenye mawe mpaka madume wanafukuzwa nyumbani

#1 Nyika_Tambarare

Wakuu habari za jioni. Kuna uzi mmoja wa mbuga juzi mtu kaandika kwamba simba hana adui kwaiyo watoto wake wanakua raha mustarehe, nikaona nikianza kujibu kule ntavuruga uzi wa watu, acha nifungue wa kwangu. Mimi ni dereva wa watalii, maeneo yangu makubwa ni Seronera na Ndutu, na kuna familia moja ya simba upande wa Seronera nimeifuatilia tangu majike wana mimba mpaka sasa ivi watoto ni wakubwa wa kujitegemea. Ntaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi aongezee.

Jambo moja nataka watu walishike mapema. Mtoto wa simba kufikisha miaka miwili ni kazi kubwa kuliko tunavyofikiri, Serengeti zaidi ya nusu wanakufa kabla ya kufika hapo. Na kinachoamua sio mama peke yake. Baba zao kuwa hai na kuendelea kulishika eneo ndo kunabeba uzito ambao watu wengi hawauoni, wageni wanapenda kuuliza "mbona dume analala tu majike ndo wanawinda", ntakuja kuwaeleza dume anafanya nini pale alipolala.

Tuanze mwanzo. Mimba ya simba ni siku kama 110, miezi mitatu na nusu hivi. Jike akikaribia anajitenga na wenzie anatafuta mahali pa siri, kwenye kopje, vile vilima vya mawe, palipo na mwanya katikati, au kwenye korongo lenye majani marefu yaliyofungana. Anazaa wawili au watatu, mara nyingine wanne. Wanatoka macho yamefumba, mmoja hafiki kilo mbili, madoadoa mwili mzima. Halafu kila baada ya siku kadhaa anawahamisha, anabeba mmoja mmoja kwa meno kwenye ngozi ya shingo anapeleka maficho mengine, harufu ikikaa sehemu moja sana fisi anaifuata. Na hapohapo lazima aende kuwinda, kwaiyo vile vitoto vinabaki peke yake masaa mengi bila mlinzi, vimejikunyata kwenye mawe vimenyamaza kimya. Wengi wanapotea kipindi hiki na sisi wala hatujui kama walizaliwa. Unamwona jike chuchu zimejaa maziwa, wiki inayofuata zimenywea, basi, umeshajua.

Kwenye familia yangu hii majike ni watano. Watatu walizaa kwa kupishana wiki chache tu. Wiki ya sita mpaka ya nane ndo mama anawaleta kwa wenzie, na walipotokea wote tukahesabu saba. Siku hiyo redio koli ilikuwa moto, kila gari inataka kusogea.

Naendelea baadae, kesho natoka saa kumi na mbili asubuhi.

#2 BintiPangani

Nafatilia. Mkuu ni kweli simba dume anakula watoto wake mwenyewe? Nimeona video moja sikuweza kuimaliza.

#3 Nyika_Tambarare

Wa kwake hawaui. Anaoua ni wa dume aliyemtangulia. Ile video uliyoona karibu hakika ni madume wapya wameingia, wamempiga mwenye eneo wakamfukuza au wakamuua, sasa wanasafisha.

Sababu ni hii. Jike mwenye watoto wadogo hashiki mimba nyingine mpaka wale wafike kama mwaka mmoja na nusu, akizaa tena wa kwanza wana miaka miwili. Lakini watoto wakifa wote anarudi kwenye joto ndani ya siku chache au wiki chache. Na dume kwa wastani anakaa na familia miaka miwili mpaka mitatu tu kabla hajapinduliwa. Sasa wewe piga hesabu, mimba miezi mitatu na nusu, ulinzi wa watoto miaka miwili, dume akisubiri watoto wa mwenzie wakue muda wake wote umeisha na damu yake haijaingia. Hana nafasi ya kusubiri. Kwa bahati akifanikiwa sana atakuza kizazi kimoja, wawili watatu wenye nguvu nyingi wanakuza viwili.

Ndo maana nasema dume aliyelala pale juu ya jiwe yuko kazini. Ile ngurumo ya usiku inasikika mpaka kilomita nane, anawaambia madume wengine huku pana mwenyewe. Usiku ukipita bila ngurumo kutoka kwake, majirani wanahesabu.

Na majike nao hawakai kusubiri kuuliwa watoto, wanapigana kweli, na wengine wanakimbia na wale walioanza kuwa wakubwa wanazurura nao pembezoni mwa eneo miezi kadhaa. Nimeona jike amechanika uso mzima kwa ajili ya watoto watatu.

#4 Mwanafunzi_SUA

Uzi mzuri sana huu, naomba niongezee upande wa utafiti kwa sababu simba wa Serengeti ndo simba waliofuatiliwa muda mrefu kuliko wote duniani. George Schaller alianza 1966, wakafuata wengine, halafu Craig Packer na Anne Pusey wakachukua 1978 na kazi ikaendelea miongo na miongo, kila simba ana kadi yake, alizaliwa lini, mama nani, aliuliwa na nani. Hizo takwimu za vifo anazosema mleta uzi zimetoka huko. Waliona madume wapya wanahusika na karibu robo ya vifo vya watoto, vingine ni njaa, kuachwa na mama, fisi na nyati.

Kuna jaribio lingine la Karen McComb nalipenda sana, walibeba spika kubwa porini wakapiga ngurumo zilizorekodiwa. Majike wenye watoto wakisikia ngurumo ya madume wao hawashtuki kabisa, wakipigiwa ya dume mgeni wanainuka, wanahangaika, wanawaondoa watoto hapo. Yaani wanamjua baba wa watoto kwa sauti tu. Na wakisikia majike wageni wanahesabu ni wangapi kabla ya kuamua kuwafuata, mmoja wanamwendea, watatu wanasita.

Kingine kinachoshangaza, baada ya mapinduzi majike wanapandana sana na madume wapya lakini wanakaa kama miezi minne hivi bila kushika mimba. Packer na Pusey walilieleza hili mapema miaka ya 80. Ukifikiria inaleta maana, jike anampa muda yule mpya aonyeshe kama atadumu, kabla hajawekeza mimba kwa mtu atakayefukuzwa wiki ijayo.

#5 Kijana_wa_Musoma

Daah hapo kwenye robo nilidhani ingekuwa zaidi. Mleta uzi endelea, wale saba walikuaje?

#6 Nyika_Tambarare

Nimerudi. Wale saba sasa.

Miezi ya kwanza ni raha kuangalia. Mama zao wanawaweka pamoja, saba wote wanacheza kwa mpigo, wananyonya yule aliyelala karibu. Watu wanasema simba wananyonyeshana kwa upendo, nikiangalia kwa karibu naona jike akiwa macho anamkubali wa kwake na yule wa mwenzie anamkoromea au anageuka kulalia chuchu, ila akisinzia wote wanajaa. Faida kubwa ya kuwaweka pamoja ni ulinzi, mama watatu wakisimama kwa pamoja dume mgeni mmoja anafikiria mara mbili, mama mmoja peke yake hana uwezo huo.

Walizaliwa mwishoni mwa mvua na nyumbu bado walikuwa karibu. Miezi mitatu wakaanza kulamba nyama, miezi sita saba maziwa yakaanza kukata. Na hapo ndo nyumbu walikuwa wameshaenda zao kaskazini, mpaka mto Mara huko. Simba hafuati nyumbu, anabaki kwenye eneo lake, kwaiyo kiangazi Seronera ni ngiri, nyamera, pundamilia wachache na nyati. Ngiri mmoja kwa simba wakubwa saba ni nini? Kwenye mzoga hakuna adabu ya kuwaachia watoto, dume anakula kwanza, majike wanagombania, mtoto anasubiri mifupa. Nilimwona mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, mbavu zinahesabika, anatembea nyuma ya wenzie umbali unazidi kuongezeka kila siku. Mama yake akigeuka anaita, yule anajikongoja. Ilifika siku mama akaacha kugeuka.

Wawili walikwenda na nyati. Majike walikuwa wamelala kwenye majani kando ya mto, kundi la nyati likaja kunywa, likawanusa. Nyati akijua pana watoto wa simba anawatafuta kwa makusudi na kuwakanyaga, sio ajali. Majike walijaribu kuwavuta nyati upande mwingine, watoto wanne wakapona wawili wakabaki pale.

Kwaiyo kutoka saba wakawa wanne kabla ya kufikisha mwaka. Wawili wa kiume, wawili wa kike. Na hao wanne walipona kwa sababu moja ambayo nataka kuieleza vizuri, ila kwanza nione maoni.

#7 BintiPangani

Roho imeniuma kwa yule mdogo. Kwanini sasa hifadhi wasimpelekee hata kipande cha nyama? Wana magari, wana bunduki, swala wako kibao.

#8 Mwanafunzi_SUA

Dada hapo ukianza hutamaliza. Ukimlisha huyu utamlisha na yule wa Moru na yule wa Gol, na swala aliyeuliwa ana mtoto wake. Njaa ya kiangazi ndo inayoweka idadi ya simba sawa na chakula kilichopo.

Lakini kuna vitu binadamu amevileta na hivyo inabidi avirudishe. 1994 ugonjwa wa distempa ulipita Serengeti ukaua karibu theluthi moja ya simba wote, kama elfu moja hivi, wakubwa kwa wadogo. Virusi vilitoka kwa mbwa wa vijijini kuzunguka hifadhi. Na mwaka kabla ya hapo ulikuwa wa ukame mkali, nyati walikonda wakajaa kupe, simba waliowala wakapata na vimelea vya damu kutoka kwa kupe haohao, ndo maana ugonjwa ukaua wengi vile. Baada ya hapo ikaja chanjo ya mbwa vijijini, kichaa cha mbwa na distempa pamoja. Ile chanjo inamlinda mtoto wa mtu na mtoto wa simba kwa wakati mmoja.

#9 Nyika_Tambarare

Nakubaliana na wewe kwa asilimia zote. Njaa tuiache, ya kwetu tuirekebishe. Na hapo ndo penye ile sababu niliyosema.

Familia hii ina madume wawili, ndugu. Watoto wakiwa na miezi kama mitano hivi, mmoja wa hawa madume alionekana na waya shingoni. Waya wa mtego. Mnajua wenyewe mitego ile inategwa kwa ajili ya nyumbu na pundamilia, watu wanatafuta kitoweo na biashara ya nyama, lakini waya hauchagui, simba anakuja kunusa mzoga anaingiza kichwa. Alikuwa ameukata mti au kamba imekatika, sijui, ila ule waya umezama kwenye nyama mpaka shingo inanuka. Hangurumi. Akijaribu inatoka sauti ya kukwaruza tu.

Ndugu yake akabaki ananguruma peke yake. Haikuchukua muda tukaanza kuona madume watatu wageni, vijana, manyoya bado mepesi, wanakanyaga mpaka wa eneo upande wa kusini. Kila asubuhi wamesogea kidogo. Wote tuliokuwa kazini pale tulijua kinachofuata, dume akifa huyu, yule mmoja hawezi watatu, na siku akiondoka watoto wote wanakwisha ndani ya wiki.

Tulitoa taarifa, madaktari wa wanyama wakaja, akapigwa sindano ya usingizi, waya ukakatwa, kidonda kikasafishwa akachomwa dawa. Siku za kwanza alikuwa analala tu. Halafu usiku mmoja nikiwa kempu nikasikia ngurumo mbili zinapokezana kutoka upande ule. Nilitoka nje ya hema nikasimama nikasikiliza mpaka zikaisha. Wale watatu waliondoka eneo lile, hatukuwaona tena kiangazi chote.

Kwaiyo mtu anaposema "simba dume mmoja kanaswa", mimi nahesabu tofauti. Pale kulikuwa na dume mmoja na watoto nyuma yake. Waya mmoja ungebeba wote.

#10 Kijana_wa_Musoma

Aisee hii sikuwahi kuifikiria. Huku kwetu ukanda wa magharibi nyaya ndo nyingi, niseme ukweli. Tangu 2017 kuna timu ya kutegua mitego, ya Frankfurt Zoological Society na hifadhi, wanatembea kwa miguu porini wanaokota nyaya, zimeshatolewa maelfu kwa maelfu. Nina jamaa yangu aliacha kutega, sasa ivi anafuga kuku na hataki hata kusikia habari za waya.

#11 Narok_Upande_Huu

Wasee wa Tanzania salamu kutoka Masai Mara, Kenya. Hii stori tunaijua vizuri sana huku. Scarface mlimsikia, yule simba dume wa jicho lenye kovu, alikufa Juni 2021 akiwa na kama miaka 14, umri ambao dume porini hafikishi kwa kawaida. Alikuwa na ndugu zake watatu, Morani, Sikio na Hunter, wakiwa wanne hakuna mtu angewagusa. Nguvu ya dume ni ndugu.

Lakini pia huku tumeumia. Disemba 2015 familia ya Marsh iliwekewa sumu kwenye mzoga baada ya ng'ombe kuuawa, Bibi akafa, yule jike mzee watu wengi walikuwa wanamjua. Sumu ni mbaya kuliko mkuki kwa sababu mzoga mmoja unaua jike, watoto, fisi na tai wote wanaokuja kula. Na 2023 pale Amboseli Loonkiito aliuawa kwa mkuki kwa boma la watu akiwa na miaka 19, alikuwa mzee, hana nguvu ya kuwinda, akaingia kwa mifugo.

#12 Olchore_Endulen

Nimesoma yote kimya, acha na mimi niseme kwa sababu naona mnaongea simba kama vile anaishi mbuga peke yake. Mimi ni mtu wa Endulen, huku Ngorongoro tunaishi naye. Simba aliingia bomani kwangu usiku akaua ng'ombe wawili wa maziwa. Nilijaza fomu ya kifuta jasho nikasubiri muda mrefu, kilichokuja hakinunui hata ndama. Sasa nikisikia mtu anafurahia watoto wa simba wanne wamepona, mimi nawaza hao wanne wakikua watakuja kula wapi.

#13 Nyika_Tambarare

Karibu sana mkuu, na pole kwa ng'ombe wako. Sikupingi. Ng'ombe wa maziwa ni ada ya shule ya mtoto, na mimi nalipwa mshahara kwa sababu yule simba yupo, wewe unalipa. Hiyo haiko sawa na nitaisema popote. Naomba kukuuliza, hao vijana wanaoitwa Ilchokuti huko kwenu mnawaonaje?

#14 Olchore_Endulen

Hao ni vijana wetu, wa mradi wa KopeLion. Zamani moran akiua simba kwenye olamayio, ule uwindaji wa simba wa kimila, anaimbwa, anaheshimika ukoo mzima. Baadhi ya hao hao waliokuwa wanawinda ndo sasa walinzi. Wanaamka asubuhi wanasoma nyayo, wana simu za kurekodi, simba wengine wana kola ya redio shingoni, akijua simba yuko korongo fulani anapita kuwaambia wachungaji msipeleke mifugo upande huu. Ng'ombe akipotea wanamtafuta mpaka apatikane, akijeruhiwa wanatibu, boma likibomoka wanasaidia kulitengeneza. Hilo naliheshimu. Ng'ombe aliyepotea porini usiku ndo anayeliwa zaidi, kuliko aliye ndani ya boma zuri.

Tena nina ndugu Simanjiro, huko wamepanda miti hai kama nguzo wakazungushia wavu wa chuma, simba anazunguka nje mpaka anachoka. Mimi ningepewa huo wavu ningelala usingizi.

#15 Mwanafunzi_SUA

Huyu mzee kaleta jambo ambalo linaunganisha kila kitu. Mnajua kwanini simba wa kreta ya Ngorongoro wana shida ya damu moja, yaani ndugu wanazaana wao kwa wao? 1962 mvua ilizidi, inzi wanaouma wakajaa mle ndani, wakawasumbua simba mpaka vidonda mwili mzima, hawawindi, wakafa, wakabaki kama kumi tu, dume mmoja. Baadae madume saba wakaingia kutoka nje. Simba wa kreta walioongezeka tena wametokana na hao wachache. Ili damu mpya iingie kutoka Serengeti, lazima kijana wa kiume atembee apite hapo hapo Ndutu, Endulen, kwenye maboma ya watu. Olchore akimvumilia apite, kreta inapata baba mpya. Asipomvumilia inabaki vile vile.

#16 BintiPangani

Samahani naingilia, kuna picha ya simba ananyonyesha mtoto wa chui, ni ya kweli au ya kompyuta?

#17 Nyika_Tambarare

Ya kweli kabisa. Ni Nosikitok, jike wa Ndutu mwenye kola, Julai 2017, mgeni wa lodji ndo aliipiga. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wadogo kipindi hicho. Sisi wote tuliduwaa, kwa kawaida simba akikuta mtoto wa chui anaua.

Sasa nirudi kwa wale wanne maana kuna mtu PM ananisukuma.

Miezi kumi na moja hivi wakaanza kufuata mama zao kuwinda, kazi yao kubwa ilikuwa kuharibu. Majike wamejipanga vizuri wamemzunguka pundamilia, kijana anainua kichwa kwenye majani anataka kuona, pundamilia wote mbio. Mama hawapigi, anarudi kulala, wanaanza upya. Mpaka karibu miaka miwili ndo unaona anaweza kukaba mwenyewe na kumaliza.

Wale wa kiume mwaka wa kwanza ukiisha nywele zinaanza shingoni na kifuani, zinasimama ovyo. Ndo raha ya kuwaangalia, kila ukirudi kutoka likizo unakuta kitu kimeongezeka. Lakini hapo hapo baba zao wanaanza kuwachukia. Mwanzoni anamkoromea kwenye mzoga, halafu anamkimbiza mita chache, halafu siku moja anamkimbiza kweli. Walipofika miaka miwili na nusu hivi wakawa wanakula mbali, wanalala mbali, wawili tu. Mwisho wakaondoka. Madume wote wanaondoka, hakuna anayebaki kwa mama yake. Wale wa kike wamebaki na mama zao kama kawaida, majike wengi wanazeeka kwenye familia waliyozaliwa.

#18 Kijana_wa_Musoma

Na kuhusu uwindaji wa kitalii mkuu? Mana wale wakitoka nje ya hifadhi wanaingia vitalu. Na Cecil, yule simba wa Zimbabwe aliyeuliwa na mwindaji, walisema watoto wake watakufa wote.

#19 Mwanafunzi_SUA

Tanzania kanuni inasema simba wa kuwindwa awe dume wa miaka sita au zaidi. Sababu ni hii hii ya uzi, dume wa miaka sita kwa makadirio ameshakuza watoto wake wa kwanza, ukimuua wa miaka minne umeua na kizazi nyuma yake. Ulikuwa utafiti wa 2004 kwenye Serengeti. Umri wanausoma kwenye pua, simba mdogo pua ni ya waridi, inavyozeeka inajaa weusi.

Cecil ni 2015, na ni kweli kila mtu alitegemea watoto wake wauliwe. Hawakuuliwa, kwa sababu alikuwa na mshirika wake Jericho, hawakuwa hata ndugu, akabaki akawalinda. Mtoto wake Xanda yeye alikua mkubwa kabisa, akapigwa risasi 2017 akiwa na miaka sita.

#20 Narok_Upande_Huu

Na Bob Junior, dume wenu wa Serengeti, alipigwa na madume vijana Machi 2023 akiwa na kama miaka kumi. Huyo alikufa kifo cha simba. Watu walilia lakini hakuna mtu alifanya makosa hapo.

#21 Nyika_Tambarare

Umesema vizuri. Bob Junior niliumia lakini sikuwa na hasira na mtu. Waya ndo unanipa hasira.

Wakuu nimebakiza ombi. Hao vijana wawili wa kiume mara ya mwisho madereva wenzangu waliwaona wakielekea magharibi, kwa hiyo sasa hivi wanaweza kuwa Kirawira, Grumeti, au wametoka kabisa. Kipindi hiki ndo kibaya kuliko vyote kwa dume, hana eneo, kila anapopita pana mwenyewe, na akitoka nje ya mpaka anakutana na waya na ng'ombe. Wako wawili na ni ndugu, hilo ni afadhali kubwa, wa peke yake ingebidi atafute mwenzie njiani.

Mkubwa ana sikio la kushoto limechanika kwa juu, pamekatika kama herufi V. Mdogo hana alama kubwa, ila nina picha zake nyingi za uso. Mwenye kwenda upande huo naomba apige picha ya uso kwa pembeni, pande zote mbili, kulia na kushoto, ionekane mistari ya vidoti mahali ndevu zinapoota. Ule mstari wa juu kabisa wenye vidoti vichache, mahali vilipokaa ukilinganisha na mstari wa chini yake, hapabadiliki tangu anazaliwa mpaka anakufa na hakuna simba wawili wanaofanana. Mimi nitalinganisha na za kwangu.

#22 Kijana_wa_Musoma

Nina kazi ya kupeleka vifaa kempu moja Kirawira mwezi ujao. Simu yangu kamera yake sio nzuri kwa mbali, ila kuna dereva pale ana lenzi ndefu, ntamwonyesha huu uzi.

#23 Olchore_Endulen

Na wakizunguka wakaja huku kwetu ntawaambia Ilchokuti. Nipe hiyo picha ya sikio.

#24 Nyika_Tambarare

Nimekutumia PM mkuu, ziko tatu, ya sikio ni ya kwanza.